Mashine ya kufua na kukausha, au ya kukaushia peke yake?

Kwa chumba kimoja, chukua ya pamoja. Ila soma kibandiko: inayofua kilo 8 mara nyingi hukausha kilo 5 tu. Ukiijaza, toa kilo 3 kabla ya kukausha, la sivyo mashuka yanajiviringa na kutoka na unyevu katikati. Nyingi pia hutumia maji ya bomba kupoza mvuke, kwa hiyo maji yakikatika, hata kukausha kunakwama.

Wenye watoto wadogo, nunueni ya kukaushia peke yake, yenye pampu ya joto, yaani inayotumia tena joto lake badala ya kulipoteza. Bei inauma, lakini hula umeme mdogo kuliko ya hita, na mzigo wa pili unafuliwa kwenye mashine yako ya kufua huku wa kwanza ukikauka. Mwaga maji ya nguo yanayokusanyika kwenye tangi, safisha chujio kila mara; nyuzi zikiziba, hewa haipiti.