Sabufa, Amplifaya na Betri ya Pili Nyuma ya Madigadi: Tathmini ya Kazi ya Fundi

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiendesha gari dogo lenye sabufa (spika ya besi) ya inchi 10 ndani ya pango la ubavuni mwa buti, nyuma ya madigadi ya tairi la kushoto. Upande wa kulia, pale ilipokuwa jeki pamoja na spana ya kufungulia nati za tairi, imekaa betri ya pili ya AGM, aina iliyozibwa ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo. Amplifaya, yaani kikuza sauti kinachoendesha spika, imefichwa chini ya sakafu ya buti, pembeni mwa tairi la akiba, na jeki imehamishiwa chini ya kiti. Ukifungua mlango wa nyuma huoni kitu isipokuwa wavu wa spika, na mizigo inaingia kama zamani. Hicho ndicho nilichomwomba fundi, na kwa sehemu kubwa amekitimiza. Kasoro moja aliyoiacha nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu imenisumbua.

Nianze na kisanduku, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niiheshimu kazi hii. Fundi wa kwanza niliyewahi kumpelekea gari alipima urefu, upana na kina kwa futi, akachonga sanduku la ubao lenye pembe nne, akalisukuma kwa nguvu mpaka likaingia, na siku spika ilipoharibika ikabidi sanduku zima livunjwe ndipo litoke. Huyu wa sasa, kabla hajagusa futi, aliingiza mkono wake mpaka kwenye kiwiko, akaniuliza taa ya nyuma hubadilishwa glopu kwa kupitia wapi, kisha akaweka alama ya chaki mahali ambapo, kwa maneno yake, mkono wa fundi mwingine lazima upite. Baada ya hapo alibandika utepe wa karatasi na foili juu ya bati, akapaka tabaka za fibaglasi na gundi yake moja baada ya nyingine, akaacha zikauke, kisha akalitoa ganda lote likiwa na umbo halisi la pango, na mabonde yake yote.

Umbo la namna hiyo halipimiki kwa kuzidisha urefu kwa upana. Alichofanya ni kulijaza ganda punje ndogo za plastiki mpaka ukingoni, akazimimina katika ndoo yenye alama za lita, nami nikainama kusoma: lita 18. Akatoa takriban lita moja inayomezwa na mwili wa spika yenyewe, tukabaki na 17, ilhali maelezo ya mtengenezaji wa spika yangu yalitaka kati ya lita 15 na 20 kwa kisanduku kilichozibwa. Besi inayotoka ni kavu, inafuata ngoma bila kuvuma. Sanduku lenye tundu la hewa lingetoa sauti kubwa zaidi, lakini lingetaka nafasi kubwa ambayo pango halina, na nadhani alifanya vyema kunikatalia nilipolipendekeza.

Betri ndiyo sehemu ambayo wengi huifanya kwa pupa. Kuiweka nyuma si jambo la ajabu. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na betri ndani ya buti, na BMW E46 nayo iliiweka pembeni mwa buti upande wa kulia. Tofauti ni kwamba viwanda viliiwekea betri hiyo mpira wa kutolea hewa nje ya gari, na mafundi wengi hawaweki. AGM haimwagi asidi na inaweza kulazwa ubavu, lakini ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, gesi ambayo huweza kushika moto ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, na pango lililofunikwa kwa kapeti ni mahali pabaya mno pa kuikusanyia. Fundi wangu alitoboa sakafu, akapitisha mpira mwembamba, akapaka rangi kingo za tundu ili zisishike kutu. Betri yenyewe ina uzito wa karibu kilo 20, na katika mgongano mkali, wa mara 20 ya mvutano wa dunia, itasukuma kama mzigo wa kilo 400. Kwa hiyo nilifurahi kuona ameifunga kwa fremu ya chuma na bolti nne zilizopenya bati, zenye washa (vibati vya duara) pana upande wa chini, wala hakutumia skrubu za kushikilia kapeti.

Kuhusu waya, hesabu ni rahisi na inafaa kila mwenye gari aifanye kabla ya kukubali waya wowote. Kutoka injini mpaka nyuma ni kama mita 5. Amplifaya ikivuta ampea 80 kupitia waya wa shaba wa milimita 8 za mraba, karibu volti 0.9 hupotea njiani. Kwa waya wa milimita 35 za mraba zinapotea kama volti 0.2. Alinitilia wa 35, wa shaba tupu, ukapita katika mpira maalumu kwenye bati linalotenganisha injini na abiria ili usichunwe, na nyaya za mawimbi ya sauti akazipitisha upande wa pili wa gari, ndiyo maana sisikii mluzi wa altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, hata nikikanyaga mafuta. Fyuzi ni mbili, moja kila mwisho, kila moja ikiwa chini ya nusu mita kutoka kwenye betri yake. Hili nalisisitiza: waya ulio kati ya betri mbili una umeme pande zote mbili, na ukikatika na kugusa bodi, fyuzi ya mbele peke yake haitaizuia betri ya nyuma isiuchome. Rilei, swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme, inaziunganisha betri hizo volti zinapofika 13.3 na kuzitenganisha zinaposhuka hadi 12.8, hivyo muziki wa kwenye maegesho hauigusi betri ya kuwashia injini. Kwa magari mapya ambayo altaneta yao hupandisha na kushusha volti kwa amri ya kompyuta, rilei ya namna hii haitoshi, na inatakiwa chaja maalumu ya kati ya betri na betri.

Sasa kasoro. Amplifaya ya daraja la D (aina kama yangu, inayokuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa) hupoteza kiasi cha sehemu moja ya tano ya umeme inaotumia na kuugeuza kuwa joto, na joto hilo linahitaji pa kwenda. Yangu ilifungwa kifudifudi, mapezi yake ya kutolea joto yakitazama chini, sentimita 2 tu kutoka kwenye bati. Katika safari ya kwanza ndefu, baada ya dakika 40 hivi za sauti ya juu, ilijizima; nikafunua sakafu, nikaigusa, nikaondoa mkono papo hapo. Nilipoirudisha, fundi aliisimamisha wima na kuacha sentimita 5 kila upande, akaongeza feni ndogo inayowaka pamoja nayo. Tangu siku hiyo haijajizima. Hata hivyo kosa hili halikupaswa kutokea kwa mtu aliyepima pango kwa uangalifu ule, na lilinipotezea siku nzima.

Jingine ni dogo: kifuniko cha fyuzi ya nyuma kinafungukia ukutani, kwa hiyo kuibadilisha ni lazima nilegeze kwanza fremu ya betri. Nimemwomba akigeuze nitakapompelekea gari wiki ijayo, siku ambayo pia atakaza upya vichwa vya betri na bolti ya waya wa hasi, ile aliyoifungia kwenye bati alilolikwangua rangi mpaka likang'aa.