Farmasi ya Kamalondo ninakonunua dawa za mume wangu

Tulio na mgonjwa aliyepandikizwa moyo hapa Lubumbashi ni wachache, lakini tupo. Mume wangu alipasuliwa Chennai, India. Tangu turudi, dawa zake nazichukua kwenye farmasi ndogo ya Kamalondo, yenye feni inayopiga kelele kuliko wateja.

Kwa macho haivutii. Ila mama anayeuza pale huuliza kabla ya kutoa. Kikohozi kilipomshika mume wangu, farmasi nyingine ya mjini ilimpa klarithromaisini, antibiotiki, bila swali hata moja. Mama huyu akaiona mfukoni mwangu: "Mama, hii usimpe kwanza, pigia daktari." Akasema inapandisha takrolimasi, dawa yake ya kuzuia mwili usiukatae moyo, kwenye damu mpaka figo zinaumia, na kwamba balungi nalo ni hivyo hivyo. Daktari akabadilisha siku ile ile.

Halafu kuna habari ya statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Kolesteroli ya mume wangu iko vizuri, naye akataka kuacha dawa hiyo, maana bei si mchezo. "Papa, hii ni ya mishipa," mama akamwambia. Kinga ya mwili haichoki kuuona moyo ule kuwa mgeni, na kuta za mishipa yake huweza kunenepa kwa ndani polepole, mara nyingi mshipa mzima, si mahali pamoja tu. Neva zilikatwa siku ya upasuaji, kwa hiyo wengi hawasikii maumivu ya kifua hata mishipa ikiwa imebana. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wale wa Chennai wanang'ang'ania picha ya mishipa kila mwaka, ghali namna ile. Baadaye nilisoma habari za Philip Blaiberg, aliyepandikizwa Cape Town Januari 1968: alipofariki Agosti 1969, mishipa ya moyo ule ilikutwa imeharibika vibaya. Mume wangu hajaniuliza tena kuhusu statini.

Kasoro zipo. Everolimasi, dawa nyingine ya kuzuia mwili usiukatae moyo, hawaweki, daktari akiiandika unaagiza, unatanguliza dola, unasubiri. Bei zao ziko juu kidogo. Lakini takrolimasi huleta ya kampuni ile ile kila mara, bila kukubadilishia kimya kimya, na kwa hilo nalipa bila kunung'unika.

Jumapili wanafunga. Nendeni Jumamosi asubuhi, kabla foleni haijafika barabarani.