Kamba ya mdomo au sindano kwa farasi mwoga?

Katika mazizi ya Gilgil, kaunti ya Nakuru, saisi, yaani mtunza farasi, anayemnyoa farasi mwoga ana njia mbili za kumtuliza. Kamba iliyofungwa kwenye kijiti na kusokotwa kwenye mdomo wa juu haina gharama na hutuliza upesi, kope zikalegea na kichwa kikashuka; lakini ikizidi dakika 5 hivi, mnyama aweza kulipuka ghafla, na kuifunga sikioni ni ukatili mtupu. Sindano ya zailazini, dawa ya kusinzisha, ambayo ni kazi ya daktari wa mifugo, ni ghali zaidi ila hutoa takriban nusu saa ya utulivu, ingawa farasi aliyesinzia bado hupiga teke, tena asilishwe kabla hajazinduka. Mimi ningemwita daktari, isipokuwa kwa kazi ndogo ya masharubu.