Sindano za Kichina kwa choo kigumu hapa Dodoma: ugomvi wangu ni kibanio

Naanza na kibanio, maana ndicho kilichonichefua.

Ukichagua sindano za umeme, kila sindano ikishaingia inabanwa kwenye mpini na kibanio cha chuma chenye meno, mfano wa vile vya kuchajia betri ya pikipiki, ila chenyewe hakizidi punje ya karanga. Waya wake unakwenda kwenye kimashine kinachoweza kukaa kiganjani. Kibanio kikishika sawasawa, msuli wa tumbo unacheza taratibu, kama mtu anakugongagonga kwa kidole kutoka ndani. Hauumi. Kikiwa na kutu ya kijani kwenye meno, umeme unakatika na kurudi unavyotaka wenyewe.

Cha kwangu cha kushoto kilikuwa na kutu. Kulia msuli unacheza, kushoto kimya. Nikamwambia kijana aliyekuwa anashika mashine. Badala ya kuangalia kibanio, akapandisha kizungushio cha nguvu ya umeme, akapandisha tena, mpaka kikapita nusu. Nikakohoa. Kibanio kikagusa, nikapigwa shoti, tumbo zima likajikunja. Namwambia rudisha sifuri kwanza, ananijibu: "Vumilia mama, ugonjwa wa siku nyingi hautoki kwa kubembelezwa." Nikarudia. "Sasa mama, tabibu ni wewe au mimi?"

Tabibu hakuwa yeye. Mwenye cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala alishachoma sindano na kwenda chumba cha pili. Cheti kipo ukutani, kimewekewa fremu, sikatai. Ila jina la huyo kijana halimo.

Na wasisingizie TANESCO, mashine ilikuwa ya betri.

Nieleze inavyotakiwa, wengine wasije wakavumilia upuuzi kama wangu. Kabla ya kuwasha, vizungushio vyote viko sifuri, kimoja kimoja, asikadirie kwa macho. Vibanio vinabanwa mashine ikiwa imezimwa. Ndipo inawashwa, na nguvu inapandishwa polepole huku mgonjwa anasema anachosikia, mpaka msuli ucheze kidogo bila maumivu. Hapo ndipo pa kuishia. Mgonjwa asiposikia kitu, huongezi: unarudisha sifuri, unazima, unatoa kibanio, unasugua meno yake kwa msasa laini au unayafuta kwa spiriti, unakibana chini zaidi kwenye mpini, unaanza upya. Dakika mbili tu. Sababu ni kwamba umeme uliopandishwa wakati njia imekatika haupotei, unakungoja. Njia ikiunganika unaupata wote kwa mkupuo. Waya ukining'inia bila kuegeshwa kwenye shuka nao unavuta sindano, kila ukipumua kibanio kinacheza. Shuka lilikuwepo. Hakuegesha.

Malipo ni elfu 20 sindano tupu, elfu 30 ukiongeza umeme. Kwa hiyo ile elfu 10 nililipia pande mbili nikapata upande mmoja na shoti.

Haya, sindano zenyewe. Hapo sina neno, na inaniuma kuwasifia. Ni za kutupa, pakiti inafunguliwa mbele yako, kila moja na kijimrija chake cha plastiki. Unene wake kama milimita 0.30, wakati ile ya hospitali yenye kichwa cha kijani ni 0.8, kwa hiyo anayeogopa sindano apunguze hofu. Ngozi inafutwa spiriti na kuachwa ikauke. Zilizoingia ni sita na zikahesabiwa sita zikitoka, moja kwa moja kwenye boksi la njano. Ukiona mahali wanazichovya kwenye kikombe cha dawa ili zitumike tena, vaa viatu uondoke.

Sehemu alizochoma ni sahihi pia. Mbili ziko pembeni ya kitovu, upana wa vidole vitatu kila upande. Mbili nyingine zinatoka zaidi kuelekea ubavuni, kama gumba nne kutoka katikati ya tumbo, chini kidogo ya usawa wa kitovu. Mbili za mwisho ni za miguuni: weka vidole vinne chini ya goti, weka vinne tena, kisha toka nje ya mfupa wa muundi nafasi ya kidole kimoja. Ikifika panapotakiwa unasikia uzito na ganzi fulani ya kuenea, siyo mchomo. Mchomo mkali unaodumu maana yake mwambie aisogeze. Dakika 30 unalala tumbo wazi, na ndiyo maana pazia zito ni la muhimu kuliko wanavyodhani.

Sehemu hizo hizo tatu ndizo zilizotumika kwenye utafiti mkubwa wa China uliotoka 2016, hospitali 15, wagonjwa 1,075. Vikao vilikuwa 28 kwa wiki 8: vitano kwa wiki katika wiki mbili za mwanzo, kisha vitatu kwa wiki. Waliofikia wastani wa kupata choo kamili mara tatu au zaidi kwa wiki bila dawa walikuwa asilimia 31.3, dhidi ya 12.1 kwa waliochomwa juu juu sehemu zisizo zenyewe. Kwa hiyo kitu kipo, si uganga. Lakini wawili kati ya watatu hawakufika hapo. Sasa mapokezini, baada ya "Mbukwa!", salamu ya Kigogo, ya uchangamfu, unaambiwa "vikao 10 mama, choo kinafunguka." Vikao 10 ni wiki mbili za mwanzo tu za wenzao. Vyote 28 kwa bei yao ni 840,000. Waseme hivyo mapema, mtu apige hesabu zake.

Jambo lingine, hakuna aliyeniuliza natumia vidonge gani. Amlodipini ya presha inaweza kufunga choo. Vidonge vya madini ya chuma vinafunga. Amitriptilini ya sonona, kodini ya maumivu, vyote hivyo. Unaweza kuchomwa mwaka mzima huku unameza kinachokufunga kila asubuhi. Na wapo ambao tumbo linasukuma vizuri ila misuli ya chini inakaza pale inapotakiwa kulegea. Unakaa chooni unajikamua mpaka jasho, kinatoka kipande, unahisi bado kipo. Hapo tatizo liko mlangoni, na wa hivyo anahitaji kufundishwa kulegeza ile misuli. Mjamzito asichomwe tumbo, mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiguse umeme huo kabisa, anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda aseme kabla. Ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, au choo kimebadilika ghafla umri ukiwa umekwenda, panda bajaji uende hospitali kwanza.

Nilikusudia kuandika "msiende" nikaishia hapo. Ila niseme kweli, kuanzia wiki ya tatu hivi napata choo mara tatu kwa wiki, wiki nyingine nne, bila sena, ile dawa ya kufungua choo. Huenda ni sindano. Huenda ni mlenda na maji niliyoongeza, maana kwa joto na ukavu wa huku miezi ya Septemba na Oktoba, mtu anakausha utumbo wake mwenyewe na kulaumu ugali wa uwele. Sina uhakika, lakini sindano siziachi. Kwa hiyo nendeni.

Hapana, ngoja. Nikikumbuka ile "tabibu ni wewe au mimi" nakereka upya. Nendeni siku ambayo mwenye cheti anakaa chumbani mpaka mwisho, na mwambieni hivyo kabla hajachoma. Akikataa, chukueni sindano tupu za elfu 20, umeme mwachieni. Mimi kikao kilichobaki nakwenda, nimeshalipia. Kipande cha msasa kiko kwenye pochi.