Mashine ya kukausha hewa ya lita 20: inafaa nyumba yenye kiyoyozi?

Inafaa, ila usinunue kwa kuamini namba ya kwenye boksi. Lita 20 za maji ya kukamuliwa kwa siku kwa kawaida hupimwa chumbani mwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Kwenye nyuzi 27 na asilimia 60, tarajia nusu yake hivi. Mashine si mbovu. Mvuke wa kukamua ndio mchache.

Kwanza hakikisha kiyoyozi chenyewe kinafanya kazi yake. Kikiwa kikubwa kuliko chumba, hupoza upesi na kompresa huzima kabla maji ya kutosha hayajachuruzika. Feni ikiendelea kuzunguka, maji yaliyobaki kwenye koili, yaani mabomba baridi ya ndani, hurudi hewani. Weka feni kwenye otomatiki, kisha jaribu hali ya kukausha hewa, ile alama ya tone la maji kwenye rimoti. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 60, okoa pesa zako.

Usiposhuka, mashine hii husaidia kweli, hasa chumba cha kulala kilichofungwa. Kasoro yake kubwa ni joto. Kila lita ya maji inayonaswa huachia chumbani joto sawa na karibu uniti 0.7 ya umeme (kWh), mbali na umeme inaokula yenyewe, na mzigo huo wote hubebwa na kiyoyozi. Kwa hiyo iweke asilimia 50 hadi 55. Kung'ang'ania 40 ni kulipia umeme mara mbili.

Kipimaunyevu kilichomo ndani hakitoshi, kwani husoma hewa iliyo jirani na mashine. Weka kingine upande wa pili wa chumba. Kukihakiki ni rahisi: loanisha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa hadi iwe tope zito, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, usome baada ya saa 12. Kinatakiwa kionyeshe asilimia 75. Tofauti yoyote iandike ubavuni mwake.

Tangi likijaa usiku, boya huzima mashine na unyevu hupanda tena hadi asubuhi. Tumia mpira wa kutolea maji, nao uteremke mwanzo hadi mwisho, maana hauna pampu. Kichujio kioshwe kila wiki mbili. Kikiziba, koili hushika barafu na maji hayatoki. Na kama ilisafirishwa imelazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili oili irudi kwenye kompresa.