Silva 925 au dhahabu ya kuchovya: kipi ununue kwanza

Mazao yakishaingia ndani, Mbeya na Iringa hujaa kichen pati, sendofu na harusi, na wauza urembo kuanzia Mwanjelwa hadi Miyomboni hawapumui. Swali la wanunuzi ni lilelile: kwa hela niliyonayo, nichukue cheni ya silva au seti inayong'aa ya dhahabu ya kuchovya? Ushauri wangu ni mmoja. Kabla ya kupenda rangi, uliza chini yake kuna nini, maana rangi huondoka na kilicho chini ndicho utakachobaki nacho shingoni.

Nafasi ya kwanza naipa silva 925. Katika kila sehemu 1,000, sehemu 925 ni fedha halisi na 75 kwa kawaida ni shaba. Fedha tupu ni laini mno, pete yake hupinda upesi, ndiyo maana ikachanganywa. Ukiikwaruza, chini unakuta silva ileile. Pete ikibana, sonara anaikata na kuiongeza. Cheni ikikatika, anaiunga. Hata ikichakaa kabisa, bado ina uzito wa kuyeyushwa.

Lawama yake kubwa ni weusi, na hapa watu wengi huionea. Cheni ikibadilika rangi wanadhani wameuziwa feki, wanaitupa kabatini. Weusi ule hutokea fedha inapokutana na salfa, ambayo imo hewani kidogo, kwenye mayai, kwenye vitunguu, hata kwenye moshi wa makaa ya mawe. Unyevu huharakisha mambo, kwa hiyo anayeishi Tukuyu na mvua zake asishangae akisugua mara nyingi kuliko ndugu yake wa Iringa mjini. Dawa yake ni rahisi: tandika foili ndani ya bakuli, laza cheni juu yake igusane nayo, nyunyizia kijiko cha soda ya kuokea, kisha mwagia maji ya moto. Salfa inaiachia fedha na kuhamia kwenye foili. Baada ya dakika chache suuza, futa kwa kitambaa laini. Chenye lulu au mawe ya gundi usikitie humo, kifute tu.

Kama moyo wako uko kwenye rangi ya dhahabu, nafasi ya pili ni silva iliyochovywa dhahabu. Mwongozo wa biashara wa Marekani unataka kito cha aina hiyo, kikiuzwa kwa jina la "vermeil", kiwe na dhahabu ya unene wa maikroni 2.5 au zaidi, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ni utando mwembamba, lakini ukiisha unabaki na silva, na sonara mwenye vifaa anaweza kuichovya tena.

Ya tatu ni stenlesi. Haishiki kutu kirahisi, bei yake ni nafuu, inamfaa mtu wa kazi za maji na sabuni. Ila kuipanua pete yake ni shida.

Ya mwisho ni dhahabu iliyochovywa juu ya shaba au madini mengine ya bei rahisi. Kwa sendofu ya siku moja, ambapo seti nzima inatakiwa ifanane na kitenge, inatosha na siikatazi. Kwa kuvaa kila siku, hapana. Itazame kwenye ndoano ya kufungia, na kwa pete, upande wa kiganjani: hapo msuguano ni mwingi, na hapo ndipo manjano huanza kuachia, pakatokeza wekundu au ukijivu. Jasho likikutana na shaba, kidole kinakuwa kijani. Hiyo inaoshwa ikatoka. Cha kuogopa zaidi ni nikeli, ambayo huwasha na kutoa vipele kwa wenye mzio nayo. Masikio ya mtoto aliyetobolewa juzi usiyawekee hereni usizojua zina nini ndani.

Tena, kwa kuwa Chunya iko jirani, wapo wanaouza cha kuchovya kwa jina la dhahabu ya Chunya. Dhahabu halisi inauzwa kwa gramu, juu ya mzani, mbele ya macho yako. Muuzaji akikutajia bei ya seti bila kupima, jua unauziwa urembo, na ulipe bei ya urembo.

Ukitaka kuhakikisha silva, tafuta muhuri wa 925 ndani ya pete au karibu na ndoano. Usiuamini peke yake, kwa kuwa muhuri hughushiwa. Sumaku itakufichulia chuma, lakini shaba nayo haivutwi, basi kwa cheni nzito mwombe sonara aijaribu kwa jiwe na tindikali. Kisha risiti iandikwe "silva 925" na uzito wake kwa gramu. Muuzaji anayegoma kuandika hivyo, mwachie mali yake.