Langar ya Desemba gurdwara (hekalu la Masikh) ya Ngara, endeni na watoto

Kama uko Nairobi na hujawahi kula langar, yaani mlo wa pamoja wa Masikh, enda mwezi wa 12, maana ndio wakati wanakumbuka watoto wa Guru Gobind Singh, kiongozi wao wa dini wa zamani. Chakula ni bure kwa kila mtu, hawaulizi dini, unavua viatu unafunika kichwa unakaa chini na wengine. Dengu nzito ya moto, na chapati unapokea kwa mikono miwili, ukimaliza tu mwenye ndoo amefika kukuongeza.

Lakini mimi nawapa nyota tano kwa vile wanaeleza hii historia. Wanawe wadogo Zorawar Singh na Fateh Singh, mkubwa miaka kama 9 na mdogo 6 hivi, walifungiwa na nyanya yao Mata Gujri kwenye mnara wa baridi kule Sirhind, Punjab, Desemba 1704 au 1705, wakaambiwa wabadili dini wawe Waislamu wakakataa, gavana Wazir Khan akaamuru wajengewe ukuta wakiwa hai. Kaka zao Ajit Singh na Jujhar Singh walikuwa washauawa vitani Chamkaur siku chache tu kabla, yaani baba mmoja alipoteza wana wanne ndani ya wiki moja jameni!

Mzee aliyetueleza hakuruka kwamba Nawabu (mtawala) wa Malerkotla, ambaye alikuwa Mwislamu, ndiye aliyewatetea wale wadogo, na hilo nililipenda sana.

Jumapili pakingi ni ngumu, pandeni matatu. Na ukishiba unaweza kubaki kuosha sahani, mtu yeyote anakaribishwa.